Unga Mweupe Dirishani

“Weka kijiko chini.”

“Nikiweka, mama atameza nini? Maneno yako?”

“Weka kwanza, shoga. Matusi baadaye.”

Mke wa fundi viatu akakiweka. Nesi, jirani wa mlango wa pili, alikuja tu kurudisha pasi, akakuta hayo jikoni. Mama mkwe alikuwa na saratani. Vidonge vyake vilimkwama kooni, kwa hiyo wiki nzima mke alikuwa anavisaga kwa kijiko na kuvikoroga na maji. Unga ulielea kwenye mwanga wa dirisha, taratibu, kama hauna safari. Mke alipenda kuutazama. Mimba ilikuwa ya miezi miwili, na alikuwa anasinzia hata akisimama.

Nesi akafunika kisahani cha unga kwa kitambaa kibichi.

“Dawa hii inaua vinavyokua haraka. Saratani inakua haraka. Na huyo tumboni? Sasa hivi anatengeneza moyo, mikono, kila kitu. Dawa haimjui. Ukiivuta kwa pumzi au ikakupitia kwenye ngozi, mimba inaweza kutoka. Au mtoto akazaliwa na kilema.”

Mke akakaa. “Nimeshamuua?”

“Sijasema hivyo. Nasema uache leo, na kliniki twende leo.”

Mumewe akatokea, akabisha kwamba dawa amepewa mama, siyo mkewe. Nesi akamwuliza karatasi ya dawa iko wapi. Mume alikuwa ameikunja na kuisokomeza chini ya mguu wa meza inayocheza. Akaichomoa, akasoma polepole. Usisage. Usikate. Mjamzito asishike. Akaenda kumtafutia mkewe viatu.

Kliniki walimpima kwa mashine. Akaona kidoa kidogo kinadunda, kwa mbali, kama taa ya ndotoni. Wakamwambia arudi kila mara wamwangalie. Hospitali ikambadilishia mama dawa, akapewa ya maji. Kuanzia hapo fundi viatu ndiye aliyemnywesha, glavu mkononi. Mashuka pia alifua yeye, peke yake, maana dawa hutoka na mkojo na matapishi. Mama akawa anasema anaogopa siku moja atapigwa soli.

Mtoto alizaliwa mzima. Mke alihesabu vidole mara tatu.

Asubuhi moja alimbeba mpaka mlango wa mama. Fundi viatu alikuwa anamimina dawa.

“Bado,” alisema. “Nimalize, ninawe.”

Zamani mke angebisha. Alimfunika mtoto vizuri, akageuka, akaenda zake kwenye dirisha la jikoni. Mwanga ulikuwa umejaa, na ndani yake hakuna kitu.