Dakika Nne Juu ya Nguzo

Inspekta alipofika, fundi wa laini alikuwa bado ananing'inia kwenye mkanda wake juu ya nguzo. Glavu ya mkono wa kulia ilikuwa imeungua na kugandamana na ngozi. Walimshusha polepole. Daktari wa polisi hakuhitaji muda.

"Umeme. Amekufa papo hapo."

Mdogo wake marehemu, aliyekuwa akifanya naye kazi, alikuwa ameshikilia kamba kana kwamba bado kuna mtu wa kumvuta.

"Kaka alishuka kuchukua koleo, afande. Akasema kwenye redio, 'Nimeshuka.' Muda kidogo akasema tena, 'Narudi juu, msiwashe.' Nilimsikia kwa masikio yangu. Na tayari wamempigia shemeji simu, eti mumewe amejiua kwa uzembe."

"Nani amempigia?"

"Mhandisi wa zamu."

Mhandisi alimpokea Inspekta katika chumba cha udhibiti akiwa na suti mpya na maneno yaliyopigwa pasi kama suti yenyewe.

"Inasikitisha," alisema, bila dalili ya kusikitika. "Alisema ameshuka, nikawasha umeme saa nne na dakika nane. Redio zinarekodiwa karakana, na huko wanasema 'narudi juu' ilisikika saa nne na dakika kumi. Laini ilishawaka. Watu hawa hawana subira."

"Saa zenu ni za kuaminika?"

Mhandisi alitabasamu kama mwalimu aliyeulizwa swali la chekechea. Akaonyesha kabati la chuma ukutani. "Mle ndani mna saa kuu. Inachukua majira kutoka setilaiti na kuyagawa kwa kila kifaa humu kupitia mtandao. Vyote vinakubaliana hadi sehemu ya elfu ya sekunde."

"Hata wezi hukubaliana kabla ya kuja kituoni," Inspekta alisema. "Ufunguo wa kabati anao nani?"

"Mimi peke yangu."

"Mitambo yako ilinasa ule mshtuko uliomuua?"

"Bila shaka. Saa nne na dakika nane, sekunde ileile niliyowasha."

Inspekta alimtazama kwa muda, akimpa nafasi ya kuyasikia maneno yake mwenyewe. Hakuyasikia.

"Kwa hiyo amekufa dakika ya nane, halafu dakika ya kumi akashika redio na kusema anarudi juu. Maiti hodari sana."

Tabasamu la mhandisi lilibaki usoni, ila lilikuwa halina mwenyewe.

"Labda saa ya karakana..."

"Nilipiga simu pia kituo cha kupozea umeme, mwisho wa laini hii. Wana saa yao, na antena yao ya setilaiti. Mshtuko ulifika kwao saa nne na dakika kumi na mbili. Au uliketi njiani dakika nne kunywa chai?"

Mhandisi alilegeza tai.

"Ilikuwa ajali," alisema hatimaye. "Nilidhani ameshashuka. Nilipogundua, niliogopa, nikagusa saa."

"Uongo wako ni mvivu kama wewe. Kumbukumbu hupigwa muhuri wa saa palepale tukio linapotokea. Ili kuwasha kuandikwe dakika ya nane, ilibidi saa iwe imeshachelewa kabla hujawasha. Ulimsikia akisema anarudi juu. Ulichomoa waya wa antena, ukarudisha saa nyuma dakika nne, ndipo ukawasha. Mtu anayedhani mwenzake ameshuka hatayarishi utetezi kwanza."

Mhandisi aliketi. Suti ilijikunja.

"Wageni wa makao makuu walikuwa kwenye ngazi," alisema, sauti imepungua. "Walikuja kumchagua mkuu mpya wa kituo. Ubao wa taa za laini, humu ndani, wote ulikuwa kijani, isipokuwa laini yake. Taa moja nyekundu, katikati kabisa. Nilimwambia asubuhi aharakishe. Nikafikiri huenda bado hajagusa waya. Na kama ameugusa..."

"Saa ingekusafisha."

"Ndiyo."

Inspekta alichukua pingu mkandani. "Umemuua mtu kwa sababu ya taa. Haya, walisemaje walipouona ubao?"

Mhandisi alitoa mikono yake mwenyewe, akiangalia sakafu.

"Hawakuutazama. Waliuliza choo kiko wapi, wakapitiliza."