Tangazo la Kwanza la Ndoa ya Fermín

"Kijiji chochote, Araceli. Chochote kile, ila si hicho."

Fermín alisema hivyo huku ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mteremko mkali, wakati basi lenyewe lilikuwa limesimama. Askari wa barabarani alikuwa amefunga njia kwa ajili ya mashindano ya baiskeli. Nyuma yao vijana wa msafara, waliotoka Poland, Uholanzi na Ayalandi kuja kuonja utamaduni wa Hispania, walikuwa wanapiga makofi ya ngoma ya flamenko waliyofundishwa jana, kila mmoja na mdundo wake.

"Kwa nini si hicho?" Araceli aliuliza.

"Mitaa myembamba. Basi halipiti."

"Si tutashuka tutembee?"

"Hakuna cha kuona kule. Mizeituni tu."

"Fermín, mkoa mzima wa Jaén ni mizeituni! Nimewaahidi hawa Jumapili ya kijijini. Misa, chakula, wazee wanagombana kwenye karata. Kule tulikokuwa tunakwenda njia imefungwa. Torrealba ni hapo tu, na wana kwaya nzuri. Kata kushoto."

"Mpenzi wangu, nisikilize..."

"Kata kushoto, baba. Mimi ndiye kiongozi wa msafara, wewe ni miguu yangu tu."

Vijana waliangua kicheko. Kihispania chao kilikuwa cha kuombea maji, lakini wiki nzima walikuwa wamewaona wawili hawa wakilishana mkate wenye nyanya kila asubuhi, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Zuzanna, binti wa Kipolandi aliyependa kukaa kiti cha mbele, alikuwa ameshawabatiza Bwana na Bibi Harusi.

Na Araceli jina lile lilimkaa vizuri. Miaka miwili alikuwa na Fermín. Alikataa kazi nzuri Valencia kwa ajili yake. Oktoba hii, kabla mavuno hayajaanza, Fermín alikuwa ameahidi kumleta mama yake hadi Córdoba, kwa wazazi wa Araceli, waje kumposa, kuomba mkono wake, kama watu. Kilichochelewesha ni ugonjwa wa mama huyo tu. "Akiinuka kitandani, siku hiyohiyo," Fermín alizoea kusema. Araceli alikuwa akimwombea mama mkwe ambaye hajawahi kumwona hata kwa picha.

Fermín akakata kushoto. Aliegesha mbali, chini kabisa ya kijiji, karibu na kituo cha mafuta, akavuta kofia hadi kwenye nyusi.

"Nendeni. Mimi nabaki na basi."

"Hata misa?"

"Mungu ananijua."

Kanisani walikaa benchi la nyuma. Araceli alikuwa katikati, akiwafasiria vijana kwa Kiingereza cha kunong'ona, sentensi baada ya sentensi, kama alivyozoea. Kazi ile aliimudu kiasi kwamba mdomo ulikuwa ukienda wenyewe wakati akili inawaza chakula cha mchana. Padre alipomaliza mahubiri, alivaa miwani.

"Sasa anasoma matangazo ya ndoa," Araceli alinong'ona. "Ni desturi ya zamani, sehemu nyingi imeshakufa. Wanaotaka kuoana wanatangazwa Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye neno aseme. Hili ni tangazo la kwanza."

"Raha iliyoje!" Zuzanna alisema.

"Anasema, wanakusudia kufunga ndoa... Fermín Carrasco Melero..."

Mdomo ulikuwa umeshalitamka kabla akili haijalisikia.

"Fermín? Kama Fermín wetu?" aliuliza Joris, kijana wa Kiholanzi.

"Majina yanafanana," Araceli alijibu. "Mwana wa marehemu Eusebio na wa Dulcenombre..."

Hapo aliacha kufasiri. Akina Fermín ni wengi, na akina Carrasco ni wengi kuliko hao. Lakini Dulcenombre! Jina lile Araceli alilitaja kila usiku kabla ya kulala, akiliombea afya.

"Na nani?" Zuzanna alimvuta mkono. "Anaoa nani?"

"Purificación Jódar Moya," Araceli alifasiri, "wa parokia hii."

Wanawake wa benchi la mbele walimpiga vibao vya mgongo msichana mmoja mnene mwenye madoadoa usoni, naye akajifunika uso kwa viganja, anacheka. Simu ya Araceli ikatetemeka mfukoni. Aliifungua.

"Maliza haraka mpenzi, joto linaniua huku. Nakupenda."

Mbele, padre alikuwa bado hajavua miwani.

"Anasema nini sasa?" Joris aliuliza.

Araceli aliirudisha simu mfukoni. "Anasema, kama kuna anayejua kizuizi chochote cha ndoa hii, anapaswa kukisema, kwa ajili ya Mungu."

Benchi zima liligeuka kumtazama. Vijana hawa hawakujua lugha, lakini kuhesabu moja na moja walijua.

"Sema," Zuzanna alinong'ona. "Simama useme!"

"Niko kazini," Araceli alisema, akatazama mbele. Kwaya ikaanza kuimba. Ilikuwa nzuri kweli.

Nje ya kanisa, bibi harusi mwenyewe alisimama mlangoni na sinia la roscos, vitumbua vya duara vyenye harufu ya kiungo cha anisi, akimgawia kila anayetoka. Vikongwe walikuwa wakimtania bila huruma.

"Kula na wewe, Puri, maana ukishaolewa utakula kilichobaki!"

"Nyamazeni huko, mnanitia haya mbele za wageni!" Alimgeukia Araceli, uso unang'aa. "Karibuni, karibuni! Siku ya tangazo mgeni haondoki mikono mitupu. Mmetoka mbali?"

"Córdoba. Tunaelekea Granada."

"Kumbe wewe ndiye unayewatembeza? Mchumba wangu naye ni dereva wa watalii. Wiki hii yuko Cádiz, maskini, na joto hili. Ingawa hata angekuwepo asingekanyaga hapa. Kwetu bwana harusi haonekani kanisani mpaka tangazo la tatu, ni mkosi."

"Mmejuana siku nyingi?" Araceli alijisikia akiuliza.

"Miaka minne sasa. Nimemsubiri huyo mpaka mama yangu akaanza kunisimanga."

Minne. Araceli alisimama pale na kitumbua mkononi. Alikuwa amejiandaa kumchukia mwizi, na sasa hesabu ilikuwa inamwonyesha mwizi ni nani. Yeye ndiye aliyekuja nyuma. Yeye ndiye wa pembeni, miaka yote miwili, na hakujua.

"Dereva wenu yuko wapi?" Puri aliuliza, akichagua vitumbua vikubwa vikubwa na kuviweka kwenye sahani. "Madereva husahauliwa, mimi najua. Wangu huko aliko nani anamkumbuka? Nioneshe nimpelekee."

Araceli angeweza kusema hayupo, kasinzia, ana kisukari. Alimtazama msichana yule, sahani mkononi, unga wa sukari kwenye kidevu.

"Yuko chini, karibu na kituo cha mafuta," Araceli alisema. "Twende."

Walishuka pamoja, Puri akipiga soga njia nzima. Vijana walifuata nyuma kimya kama wanaokwenda kuzika. Fermín alikuwa amelaza kiti, miguu juu ya dashibodi, anapasua mbegu za alizeti na kutema maganda dirishani. Alipoinua kofia, ganda lilibaki limemganda mdomoni.

"Puri."

"Cádiz imehamia hapa lini, Fermín?"

"Ratiba ilibadilika, mpenzi. Nilitaka kukushtukiza."

"Kwa kujificha kwenye kituo cha mafuta?" Puri alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa halina mwenyewe. Macho yake yalitoka kwa Fermín, yakapita kwenye nyuso za vijana, yakatua kwa Araceli. "Na huyu?"

"Nani, huyu? Kiongozi wa msafara. Tunafanya kazi pamoja, basi."

Zuzanna alimshika Araceli bega. "Amesema nini?"

Na Araceli, kwa mazoea yale yale ya kazi, alifasiri. "Amesema tunafanya kazi pamoja, basi."

Kisha Joris alipiga hatua mbele na kusema kwa Kihispania, neno alilofundishwa na Fermín mwenyewe walipokuwa wakicheza karata ndani ya basi:

"Mwongo."

"Wewe mtoto, usiingilie yasiyokuhusu!" Fermín alifoka.

Puri hakumjali. Alimtazama Araceli tu. "Ulikuwa kanisani. Padre aliuliza, nilimsikia kwa masikio yangu. Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nafasiri."

"Sasa hufasiri. Sema."

"Miaka miwili," Araceli alisema. "Sikujua kama upo, dada, nakuapia. Oktoba aliniahidi kumleta mama yake kwetu kuomba mkono. Amekuwa akisubiri mama apone."

"Apone nini?"

"Si anaumwa? Hatoki kitandani."

"Dulcenombre?" Puri alicheka, kicheko kibaya, cha machozi. "Dulcenombre yuko jikoni kwetu sasa hivi anakaanga pilipili! Jana kacheza hadi kiatu kikakatika!"

"Puri, nipe dakika moja nikueleze," Fermín alianza.

"Umenitangaza kanisani, Fermín. Kijiji kizima kimekula vitumbua vyangu."

Aliiweka sahani kwenye ngazi ya basi, taratibu, kama mtu asiyetaka kuivunja. Kisha akaanza kupanda mlima kurudi kwao. Hakukimbia wala hakugeuka.

Fermín aliruka chini. Akasimama katikati ya barabara, huku Puri anapanda, huku Araceli amesimama. Na aibu ya mapenzi ni hii: baada ya yote aliyoyasikia, moyo wa Araceli bado ulikuwa unangoja. Uliomba aje upande huu. Hata kama angemfukuza, uliomba aje kwanza.

Fermín alimtazama. "Nisubiri hapa," alimwambia, kisha akapiga mbio kumfuata Puri.

Hapo ndipo Araceli alipokaa chini, palepale kando ya gurudumu, kwenye vumbi. Zuzanna akakaa naye. Mmoja baada ya mwingine vijana wote wakakaa. Hakuna aliyegusa sahani.

Fermín alirudi baada ya muda mrefu, shati limelowa, shavu moja jekundu.

"Amefunga mlango," alisema. "Na mama yangu yuko ndani, yuko upande wake."

Araceli alitazama sahani ya vitumbua pale ngazini.

"Labda Mungu amependa iwe hivi. Sasa tumebaki mimi na wewe." Alichuchumaa mbele yake, akashusha sauti ile aliyokuwa akiitumia gizani. "Kule ilikuwa mizeituni ya baba yake Puri, ahadi za mama yangu, nikashindwa kutoka. Moyo wangu uko kwako, Araceli. Wewe unanijua."

"Uliposimama pale katikati, ulikimbilia wapi?"

"Nilitaka kumweleza tu..."

"Ulikimbilia wapi, Fermín?"

Alichezea kofia yake.

"Na mlango wake ungefunguka," Araceli alisema, "ungerudi hapa?"

"Ningerudi. Si basi liko hapa, nisije kulichukua?" alijibu, hana hata akili ya kudanganya.

Zuzanna hakuelewa neno, lakini aliona uso wa Araceli, akamfinya mkono.

"Mimi si kiporo, Fermín," Araceli alisema, akainuka na kujipangusa vumbi. "Mtu hakimbilii chakula cha moto, akinyimwa ndipo akumbuke kilichobaki chunguni. Ingia uendeshe. Watu hawa wana hoteli Granada."

"Tutaongea njiani?"

"Njiani utatazama barabara."

Alipanda basi. Kiti chake cha siku zote, kile cha ubavuni mwa dereva, alikipita kana kwamba kina mtu, akaenda kukaa nyuma kabisa kati ya Zuzanna na Joris. Aliandika ujumbe kwa ofisi yao: "Naomba dereva mwingine kuanzia kesho. Sababu nitaeleza nikiweza." Akautuma. Basi likawaka, likashuka taratibu kati ya mizeituni, na katika kioo cha kutazamia nyuma macho ya Fermín yakawa yanamtafuta, yakimkosa, yakimtafuta tena.

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, bila adabu, kiongozi wa msafara mbele ya wageni wake, na wageni wakampa vitambaa, maji, mabega, kila mtu alichokuwa nacho.

"Umefanya vizuri," Zuzanna alimwambia. "Hakufai yule."

"Najua."

"Sasa mbona unalia hivyo? Bado unampenda?"

Araceli aliegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha.

"Ningekuwa simpendi," alisema, "ningekuwa nimekaa mbele."