Yumo, Hayumo, Yupo

Mambo haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, si habari za kuokota kibarazani. Nitayasema yalivyokuwa, bila kutia chumvi. Mkiona nayasema kwa baridi, mniwie radhi. Hata siku niliyokwenda kutoa taarifa, askari wa zamu aliniuliza mara mbili kama kweli nimepotelewa na mtu au nimekuja kuuliza njia.

Dada alikuwa karani wa halmashauri ya jiji, idara ya makaburi. Mumewe, shemeji yangu, alifariki ghafla mwaka mmoja kabla ya haya, akiwa amekaa kitandani anavua viatu. Nikahamia kwa dada na cherehani yangu, maana yeye hakuwa na mtoto na mimi sikuwa na ndugu mwingine duniani. Vyumba viwili, ghorofa ya tatu, jiko la kuingia mtu mmoja kwa ubavu. Mimi nilishona sare za shule sebuleni, yeye alikwenda kazini na kurudi. Hakulia hata siku moja. Alisema mwili mzima umekufa ganzi. Kuna jioni alishika sufuria la moto kwa mikono mitupu, akalitua mezani taratibu, kisha akavitazama viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Aliyepiga kelele ni mimi.

Jirani yetu wa ghorofa ya juu, mama mnene mwenye mdomo mwepesi, kila asubuhi akishuka ngazi hugonga mlango wetu kwa ufunguo na kuuliza, "Mpo?" Hangoji kufunguliwa. Akisikia "Tupo," anasema, "Haya, siku njema," anakwenda zake. Enzi za shemeji, dada ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kuimba. Baada ya msiba akawa anajibu, "Nipo." Mimi niko palepale kwenye cherehani, nina pini mdomoni, na yeye anasema nipo. Iliniuma sana.

Sasa, makaburi yenyewe. Si yale mapya ya nje ya jiji alikozikwa shemeji. Haya yalikuwa ya zamani, katikati kabisa ya mji, yamebanwa kati ya stendi ya mabasi na jengo la benki la vioo. Nje ya ukuta wauza mitumba walitundika mashati, na fundi simu aliweka meza yake hapohapo. Ndani, mawe yalikuwa yameinama, mengine yamemezwa na mizizi, majina yameliwa na mvua. Waliacha kuzika humo kabla mama yetu hajazaliwa. Barabara ilitakiwa ipanuliwe, kwa hiyo waliolala humo ilibidi wahamishwe. Tangazo likabandikwa ukutani kwamba ndugu wajitokeze. Makaburi yalikuwa mia tatu na arobaini. Walijitokeza ndugu wanne.

Kazi ilikwenda hivi. Kila kaburi lilipakwa namba kwa rangi nyeupe. Dada alikaa mezani chini ya mwavuli mkubwa na daftari lake, anaita namba kwa sauti. Mchimbaji aliye shimoni anaangalia, anajibu neno moja kati ya mawili. "Yumo," kama mabaki ya marehemu yamepatikana. "Hayumo," kama ardhi imekwisha kula kila kitu. Dada anaandika neno lile. Aliyemo anawekwa kwenye sanduku la mbao, asiyekuwamo shimo lake linafukiwa.

Kanuni yao ilikuwa kwamba karani anaandika anachosikia, si anachofikiri. Likitokea kosa, mchimbaji anaitwa upya, anajibu upya, karani anarekebisha kwa kalamu, anatia sahihi pembeni, na chini ya sahihi yake anasaini shahidi. Hakuna kufuta kwa ufutio.

Mkuu wa wachimbaji walimwita Kimya, kwa kuwa alikuwa na sauti kama kipaza sauti kibovu. Dada alisema Kimya akijibu "Yumo," hata abiria wa stendi wanajikagua.

Jumatatu moja, saa sita mchana, dada aliita namba mia mbili kumi na mbili. Jiwe la kaburi lile halikuwa na jina, limelika lote. Mabasi yalikuwa yanapiga honi. Jibu likaja, akaliandika, akaendelea na namba iliyofuata.

Jioni akanisimulia huku anacheka. Nilifurahi kumwona anacheka, nisiseme uongo.

"Kimya leo kalewa jua," alisema. "Kaburi halina hata jino la mtu, yeye kanijibu yupo."

"Yupo?"

"Yupo. Na mimi nikaandika yupo."

"Si ungefuta?"

"Nitarekebisha kesho."

Kesho yake hakurekebisha. Jumanne hiyo jioni alimimina chai vikombe vitatu. Nikadhani amemkumbuka shemeji, nikatazama pembeni ili asione machozi yangu. Lakini shemeji alikuwa anakaa kiti cha dirishani. Kikombe cha tatu dada alikiweka kwenye pembe ya meza, karibu na mlango.

Jumatano asubuhi nilishuka kununua mkate. Niliporudi, jirani alikuwa mbele ya mlango wetu na ufunguo wake.

"Mpo?"

"Tupo!" Dada alijibu kwa sauti ile ya zamani, ya kuimba.

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Hatimaye amenihesabu na mimi. Kisha nikajitazama: nimesimama kwenye ngazi, mkate kwapani. Jirani aligeuka, akanitazama, akautazama mlango.

"Kwani mna mgeni?" aliuliza.

Niliingia. Dada alikuwa anafunga kilemba mbele ya kioo. Alijisogeza kidogo upande, kama unavyompisha mtu naye ajitazame.

"Dada, mpo na nani?" nilinong'ona.

"Na yeye."

"Yeye nani? Mwanamume? Mwanamke?"

"Sijui. Hajasema." Akanishika mkono. "Hebu shika. Mikono yangu imerudi. Nasikia kila kitu."

Viganja vyake vilikuwa vya moto. Nilivishika kwa mkono wa kushoto. Ajabu ni kwamba kidole changu cha mwisho hakikusikia ule moto. Kilikuwa kimekufa ganzi.

Mchana huohuo Kimya alikuja nyumbani. Sikuwahi kumsikia akinong'ona, lakini siku ile alinong'ona, tena alikataa kuvuka kizingiti.

"Dada'ako yuko kazini, nimetoroka," alisema. "Sikiliza. Juzi sikujibu mimi."

"Hukujibu nini?"

"Mia mbili kumi na mbili. Nilikuwa bombani, nanawa. Shimoni hapakuwa na mtu. Nimelijua leo, nilipoliona neno kwenye daftari." Alitazama ngazini. "Ijumaa msimamizi anasaini, daftari linafungwa kwa kufuli. Likishafungwa, ndo basi tena. Kesho mlete aite upya, nijibu mimi mwenyewe hayumo, arekebishe, yaishe."

"Ni neno tu, Kimya."

"Sawa, ni neno. Yumo ni wa shimoni. Lakini yupo..." Alitazama nyuma ya bega langu, kule kwenye meza ya chai. Hakumaliza. Alishuka ngazi mbili mbili.

Nilibaki mlangoni nikaelewa jambo moja tu. Nikimwacha dada mpaka Ijumaa, nitampoteza. Namna gani, sikujua.

Alhamisi nilikwenda naye kazini. Nilimwambia nataka kuona anavyofanya kazi, naye hakukataa. Jua lilikuwa kali, saa sita kasoro. Nje ya ukuta watu wanapatana bei za mashati. Kimya akaingia kwenye shimo la mia mbili kumi na mbili, akasimama katikati, beleshi mkononi. Shimo lilikuwa tupu. Nililichungulia mwenyewe. Udongo mwekundu na viatu vya Kimya.

"Ita, dada," nilisema. "Kanuni ni kanuni."

Dada alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huruma, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Unataka nirudi kule nilikokuwa?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nishike moto nisisikie?"

"Nataka ubaki na mimi."

Akafungua daftari. Nililiona neno kwa macho yangu. Yupo. Herufi zake nzuri za kiofisi.

"Mia mbili kumi na mbili!" aliita.

Kimya alijaza pumzi kifuani. Akafungua mdomo.

Honi zilikoma. Wauza mashati walikoma. Sikusikia hata pumzi yangu.

"Yupo."

Sauti haikutoka shimoni. Ilitoka mezani. Kati ya mimi na dada. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeitwa shuleni na hakutaka kuwasumbua wenzake.

Kimya alikuwa bado ameachama. Hakuwa ametoa neno.

Dada alitabasamu. Akavuta kiti chake upande, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Kisha mabasi yakarudi kupiga honi. Kimya alitoka shimoni, akalaza beleshi chini kwa adabu, akapita lango la makaburi na hakurudi hata kuchukua koti lake. Mimi nilisimama palepale. Nilitaka kulia, machozi hayakuja. Mkono wa kushoto wote ulikuwa umekufa ganzi mpaka begani.

Ijumaa msimamizi akasaini. Daftari likafungwa kabatini, shimo likafukiwa na mtambo ukapita juu yake.

Jumapili baada ya chakula cha mchana nilipeleka sare kwa mteja, mtaa wa pili. Sikukawia hata saa moja. Nilikuta mlango umefungwa kwa komeo la ndani. Nikagonga. Nikaita. Kwa ndani nilisikia maji yanamiminwa kwenye kikombe, halafu kwenye kingine. Jirani alimwita seremala, akang'oa komeo.

Hapakuwa na mtu. Madirisha yetu yana nondo, hapiti hata paka. Viatu vya dada vilikuwa mlangoni, pochi yake msumarini, miwani yake juu ya meza. Vikombe viwili vilikuwa vimenywewa nusu nusu, bado vinatoa moshi. Viti viwili vilikuwa vimesogezwa pamoja. Kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango palikuwa na udongo mwekundu kidogo, mkavu. Nilichukua ufagio nikafagia. Mpaka leo sijui kwa nini kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kufagia.

Askari walikuja, wakaandika, wakaondoka. Jirani akabadilisha salamu yake. Asubuhi akagonga kwa ufunguo na kuuliza, "Upo?" Nami nikajibu, "Nipo." Nililitamka neno lile kama alivyokuwa akilitamka dada, nikaelewa kwamba hakuwa amenisahau. Ndivyo mtu aliyekufa ganzi anavyojihesabu.

Miezi minane ikapita. Barabara ikaisha, pana, nzuri, mabasi yanapita bila kubanana. Juzi msimamizi akaniita ofisini. Walikuwa wanahamishia daftari la zamani kwenye kompyuta, na kuna mstari umewasumbua.

"Daftari hili halijafunguliwa tangu Ijumaa ile," alisema. "Funguo ninazo mimi." Akajipangusa jasho. "Siku ile kabla sijasaini nilimwuliza dada yako, hili neno yupo ndilo nini? Akaniambia, ndivyo nilivyosikia. Nikaliacha. Sasa tazama."

Nikatazama. Mia mbili kumi na mbili. Mikono miwili ya herufi Y ilikuwa imefunikwa kwa mstari mmoja ulionyooka, ikawa T.

Tupo.

Pembeni, kama kanuni inavyotaka, palikuwa na sahihi ya dada yangu. Naijua, nimeiona maisha yangu yote. Chini yake, nafasi ya shahidi, palikuwa na alama ya kidole gumba, rangi ya udongo mwekundu. Ilikuwa bado na unyevu.

"Nipige mstari?" msimamizi aliuliza. "Niandike hayumo, tuyamalize?"

Niliwaza vile viti viwili. Niliwaza viganja vyake vya moto. Hofu niliitafuta, sikuiona.

"Acha," nilisema. "Karani anaandika anachosikia."

Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikipita juu ya barabara mpya.

Leo asubuhi niliamka mapema, nina sare arobaini za kumaliza. Nilikuwa kwenye cherehani nikasikia viatu vya jirani vinashuka, kisha ufunguo mlangoni. Labda ni mazoea ya zamani yalimrudia, akaisahau ile "Upo?" yake.

"Mpo?" aliuliza.

Nikainua mkono nizitoe pini mdomoni nimjibu.

"Haya, siku njema," alisema, kama mtu aliyekwisha kujibiwa, akaendelea kushuka.

Pini sita zilikuwa bado kati ya midomo yangu.