Kilo Moja na Nusu

Kila siku Najat alirudi kutoka shule, akavua sare, akala kilichobaki chunguni, kisha akachukua kikapu na kuanza safari ya sokoni Tandika. Kutoka kwao Mtoni ulikuwa mwendo wa dakika arobaini kwenda, na zaidi ya hizo kurudi, kwa sababu wakati wa kurudi kikapu kilikuwa na mzigo na miguu imechoka. Kupanda basi hakukufikiriwa, maana nauli ingemeza faida yote. Najat alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita.

Mama yake, Mwanaheri, alipika chapati na maharage akawauzia mafundi seremala wa Keko. Biashara hiyo aliianza alipopunguzwa kazi kiwandani. Mauzo ya leo ndiyo yaliyonunua unga wa kesho, kwa hiyo safari ya Tandika haikuwa na mapumziko ila Jumapili, mafundi wasipokuwa kazini.

Mwanaheri alijua bei za vitu kuliko alivyojua majina ya majirani. Alikumbuka miaka ya foleni, watu walipojipanga tangu alfajiri kwenye duka la ushirika wakisubiri sabuni na sukari. Sasa vitu vilijaa kila mahali, hata kwenye maduka makubwa mapya ambako mteja anajichukulia mwenyewe rafuni, na kila muuzaji alijipangia bei yake. Mwanaheri alizunguka kote huko akiuliza, kisha akaamua. Mafuta yanunuliwe duka la jumla kando ya barabara ya Kilwa. Unga wa ngano ununuliwe Tandika kwa mzee Alfonsi, ambako kilo moja ilikuwa shilingi mia mbili na arobaini. Kwa Hija, mwenye duka hatua chache kutoka mlangoni pao, kilo hiyohiyo iliuzwa mia tatu na ishirini. Kwa kilo mbili za kila siku tofauti ilikuwa shilingi mia moja na sitini, na hizo ndizo zilizonunua mafuta ya taa na dagaa.

Najat aliielewa hesabu hiyo. Hakuwa mtoto mvivu. Lakini alichoka. Alichoka kwa namna ambayo usingizi wa usiku mmoja hauiondoi. Darasani herufi zilimchezea machoni, na mara mbili mwalimu Theonest alimkuta amelalia daftari, akamsimamisha mpaka kipindi kiishe. Jioni aliporudi kutoka sokoni alimkuta mama naye ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha, hana hata nguvu ya kuvua kitambaa kichwani. Najat alimtazama, akaona hana pa kuanzia kulalamika.

Jumatatu moja kandambili yake ilikatika kabla hajafika barabarani. Alisimama juani na shilingi mia nne na themanini mkononi, akaitazama njia ya Tandika, akalitazama duka la Hija. Akaingia dukani. Hija alipima, na fedha zile zikatosha kilo moja na nusu tu. Najat alijiambia kuwa ni siku hiyo moja. Ili muda wa safari upite, akaenda uani kwa jirani yao Jovina, akajilaza mkekani. Jovina, aliyekuwa akikaanga maandazi ya kuuza, alidhani mtoto amekuja kuwatembelea wanawe.

Jioni mama alimuuliza kama mzee Alfonsi hajambo. Najat akajibu kwamba hajambo, anamsalimu.

Kesho yake hakwenda tena Tandika, wala kesho kutwa. Alikuwa ameonja kupumzika, na miguu ikakataa kurudi kwenye ile njia.

Kilo mbili za unga zilikuwa zikitoa chapati ishirini na nne. Sasa Mwanaheri alikanda na kusukuma, na zikatoka kumi na nane. Kila chapati iliuzwa shilingi hamsini, kwa hiyo kila siku zilipotea shilingi mia tatu, karibu mara mbili ya zile alizokuwa akiziokoa. Kwanza alidhani anakata madonge makubwa mno. Akayapunguza, na mafundi wakanung'unika kwamba chapati zimekuwa nyembamba; wawili wakahamia kwa mama mwingine. Dagaa wakaondoka mezani, zikabaki mboga za majani. Asubuhi moja Najat alimsikia mama akimwambia Jovina kwamba mikono yake imekwisha, haijui tena kazi iliyoifanya kwa miaka mitatu. Alikuwa akiitazama mikono hiyo kana kwamba ni ya mtu mwingine. Najat alisimama nyuma ya mlango na begi lake la shule. Alitaka kusema. Akatoka, akaenda shule.

Wiki mbili zilipotimia, mawazo ya Mwanaheri yalihama kutoka mikononi mwake yakaenda kwenye mizani ya mzee Alfonsi. Jumapili alijifunga khanga, akamwambia Najat wafuatane.

Mzee Alfonsi alikuwa mtu wa Masasi, mwembamba, mwenye mvi na shati lililotapakaa unga. Najat alimwamkia shikamoo bila kuinua macho. Wateja watatu walikuwa wakisubiri. Mwanaheri hakupiga kelele. Hakuwa na nguvu ya kelele.

"Mzee Alfonsi," alisema, "mie ni mteja wako wa mwaka wa pili huu. Naomba uniambie mizani yako ina nini. Siku kumi na mbili hizi unga unafika kwangu pungufu. Kila siku chapati sita hazipo, yaani nusu kilo."

Mzee Alfonsi alimtazama, kisha akamtazama Najat. Alimtazama kwa muda, na Najat alijua kwamba mzee anakumbuka vizuri siku ya mwisho aliyomwona. Akangoja atajwe. Mzee hakumtaja. Aliinua mawe yake ya mizani moja moja, akamwonyesha Mwanaheri, akapima kilo mbele yake. Mizani ilikuwa sawa. Lakini mama mmoja kati ya wale waliosubiri alikwisha kurudisha mchele wake akisema atanunua kwingine, na mwenzake akamfuata.

"Mama Najat, sitaki ugomvi," mzee alisema. "Nusu kilo kwa siku kumi na mbili ni kilo sita. Nitakupa."

Akakunja mikono ya shati, akaanza kuchota unga kutoka gunia lake mwenyewe na kuutia kwenye mfuko. Aliuchota polepole kama mtu anayetoa kitu kinachomuuma. Kilo ya kwanza. Kilo ya pili. Mwanaheri akanyoosha mkono kuupokea mfuko.

"Mama, usichukue," Najat alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi aseme tena. "Usichukue. Sijafika hapa wiki mbili. Nilikuwa nanunua kwa Hija."

Mkono wa Mwanaheri ulibaki hewani. Kisha akaketi juu ya gunia lililokuwa karibu, akajifunika uso kwa ncha ya khanga. Alipojifunua, alimwomba radhi mzee Alfonsi mbele ya mteja wa tatu, kwa maneno yaliyo wazi, na akamtaka Najat naye aombe. Najat akaomba akilia.

Nyumbani mama alimketisha kizingitini akamuuliza sababu. Najat akaeleza yote: miguu, usingizi wa darasani, kandambili iliyokatika, mkeka wa Jovina. Mwanaheri alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilihesabu shilingi nikasahau kuhesabu miguu yako," alisema. "Hilo ni kosa langu. Lakini ungeniambia umechoka, tungekuwa watu wawili waliochoka wanaotafuta njia. Uliponificha, nilibaki peke yangu nailaumu mikono yangu."

Jioni hiyo walitafuta njia pamoja. Jovina naye alikuwa akinunua unga wake kila siku, bei ya rejareja, kwa Hija. Wakakubaliana kwamba kila mmoja aweke shilingi mia moja kila siku ya kazi. Mwezi ule ulikuwa mgumu. Najat aliendelea kwenda Tandika, ila sasa mama alimpokea njiani na kumsaidia kikapu. Fedha zilipotimia, Mwanaheri na Jovina walinunua unga wa wiki nzima kwa mkupuo, kilo kumi na mbili kila mmoja, na mzee Alfonsi akawauzia kila kilo kwa mia mbili na ishirini. Mkokoteni mmoja ukawabebea wote. Tangu hapo safari ya Tandika ikawa mara moja kwa wiki, Jumapili, na mwalimu Theonest hakumsimamisha tena Najat.

Jumapili moja mama alimtanguliza Najat na fedha zote, yeye akapita kununua mafuta. Mzee Alfonsi alikuwa peke yake. Najat alimsaidia kushika mdomo wa mfuko, kisha akamuuliza jambo ambalo halikumtoka moyoni: kwa nini siku ile hakusema kwamba hajamwona kwa wiki mbili, ilhali alijua, na wateja walikuwa wakimkimbia?

Mzee alimimina kilo ya mwisho, akasubiri mizani itulie.

"Ningesema mie, mama yako angejua ukweli, lakini angeujua kwangu," alisema. "Leo asingekupa hata shilingi kumi uishike. Wateja wale walirudi, mjukuu wangu, mchele wangu ni mzuri. Mtoto akishavunja imani ya mama yake hakuna wa kumrudishia ila yeye mwenyewe, kwa mdomo wake."

Akafunga mfuko kwa kamba, akampa chenji yake. Najat aliihesabu mara mbili, akaifunga kwenye pindo la khanga, akatoka kwenda kumpokea mama.