Kibuyu cha Fondo

Kadii alimwona Fondo mara ya kwanza kwenye foleni ya kinu cha unga, sokoni Garsen. Kijana na ndevu zake, amevaa hando, sketi ya marinda ya bibi kizee, shanga kifuani.

"Nyanya, una miaka mingapi?" akamuuliza.

"Sabini, mjukuu wangu. Nikipata mume narudi thelathini."

Kumbe alikuwa ametoka mazoezini na kikundi chao cha vichekesho. Unga haujapoa, wameshapeana namba za simu, na baada ya miezi minne Kadii naye alikuwa anaigiza kikundini.

Mapenzi hulegeza ulimi. Siku moja kwenye simu Kadii alimsimulia jinsi babake, Mzee Baya, alivyokamatwa mguu na mamba mtoni, kijiji cha Hewani, akamlilia mamake kama mtoto.

"Usimwambie mtu, mpenzi."

"Limekufa hapa hapa, sukari yangu."

Halikufa. Kwenye onyesho la Minjila, Fondo alichechemea jukwaani akimlilia mama, "Mayo, mayo wee!" Watu walicheka hadi machozi. Mzee mmoja wa safu ya mbele akainuka na fimbo yake, akaondoka. Fondo hakumjua. Alikuwa Baya mwenyewe.

"Mnazi wa huyo sinywi," Baya alimwambia binti yake.

Na mnazi wa posa usiponywewa, ndoa hakuna. Wiki tatu Kadii hakupokea simu ya Fondo.

Ikafika siku ya tamasha la sanaa, hapo Garsen. Igizo lao lilikuwa la posa: Fondo ni nyanya wa mposaji, Kadii ndiye anayeposwa, na Hiribae, kiongozi wao, ni baba mtu. Hiribae huuliza, "Binti, tunywe?" Kadii hujibu, "Mwageni," na watu huvunjika mbavu.

Baya alikuwa mbele kabisa. Alikuwa ameapa kwamba mguu wake ukichezewa tena, atapanda na fimbo.

Fondo aliingia na hando lake, kibuyu mkononi. Hakuchechemea.

"Mjukuu wako yuko wapi?" Hiribae akauliza.

"Nimemwacha nyumbani na aibu yake. Aliambiwa siri na mpenzi wake, akaiuza kwa kicheko. Siri ya mzee aliyemnyang'anya mamba mguu wake. Yeye mjukuu wangu hukimbia hata panya."

Watu wakacheka. Kadii hakucheka, maneno hayo hayakuwa igizoni, na jasho lilikuwa likimtiririka Fondo chini ya nywele za bandia.

Hiribae akashikilia maneno aliyoyajua. "Binti, tunywe?"

Kadii akapokea kibuyu kwa Fondo, akakiinua. Siku zote huwa na maji. Leo harufu ya mnazi ilimpiga puani.

"Umetia nini humu?" akanong'ona.

"Nilichotaka kukitia tangu kule kinuni. Ukisema nimwage, namwaga, na sitakusumbua tena."

Kadii akashuka ngazi na kibuyu chake, akapiga goti mbele ya babake.

"Baba, mimi nataka tunywe. Lakini mguu ni wako."

Baya akakitazama kibuyu. Akamtazama Fondo, aliyekuwa amevua nywele na kuzishika kama kofia msibani. Fimbo ikapapasa mchanga, ikatulia.

"Mwambie kwanza avue hando," akasema. "Sinywi mnazi wa mwanamume aliyependeza kumshinda mamako."

Hando likaanguka kabla mzee hajafunga mdomo. Kaptula ilikuwepo, tushukuru Mungu.