Kichwa cha Ng'ombe Kwenye Friji ya Kazini

Nilifungua friji ya maabara nitoe sampuli zangu... nikakutana na kichwa cha ng'ombe wa mdogo wangu!

Doa jeupe juu ya jicho la kushoto. Yule ng'ombe nimemzalisha kwa mikono yangu, ningekosaje kumtambua?

Kimefungwa mifuko miwili ya nailoni. Na lebo ina mwandiko wa Miwani!

Jamani, Miwani ni daktari wa mifugo mwenzangu. Kazi yetu ni kupasua mizoga tujue kilichoua. Mimi natafiti mapafu ya mbuzi, mwaka wa nne sasa. Yeye anatafiti kichaa cha mbwa. Tunagombania meza, friji, hadi sabuni. Hatupikiki chungu kimoja.

Na mdogo wangu, tumbo moja, kampelekea yeye kichwa! Eti damu nzito kuliko maji. Hovyo!

Nikampigia pale pale.

"Umenizunguka?"

"Dada..."

"Nilikwambia uzike! Nani daktari kati yako na mimi?"

"Wewe, dada. Lakini..."

"Lakini nini? Ng'ombe alipaliwa! Nilikuja Jumapili nikamwona, mate yanatiririka, sauti imekauka. Kuna kitu kilimkwama kooni, basi!"

"Dada, wiki sita nyuma kuna mbwa aliingia bandani..."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ulikuwa unaongea na simu."

Nikakata!

Nikatoka koridoni. Nikarudi. Nikakaa, nikasimama, nikafungua friji tena, nikafunga. Moyo ulikuwa unanienda mbio na sitaki kujiuliza kwa nini. Hasira ilikuwa rahisi zaidi, wapendwa.

Nikaenda kugonga chumba cha darubini.

"Miwani! Umeniibia kesi ya familia yangu!"

Akafungua. Akanivutia kiti. Mtu ambaye siku zote ana jibu mdomoni!

"Kaa chini, daktari."

"Sikai."

"Nimeangalia ubongo mara tatu. Unang'aa kijani."

Kwa msiojua, kijani kile ni kichaa cha mbwa. Ng'ombe akishakipata, anashindwa kumeza, anamwaga mate mpaka mtu anadhani amepaliwa. Hilo nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka, na maswali ya mtihani natunga mimi!

Aibu ilinishika, nikaificha kwa ukali.

"Haya, umeshinda. Mwambie mdogo wangu na mkewe wakachomwe sindano."

"Hao hawakugusa mate, hata kichwa walikikata na glavu. Nimewahoji wote wawili."

"Sasa?"

Akanipa fomu. "Soma hapo chini."

Mwandiko wa mdogo wangu, herufi kubwa kubwa:

ALIYEGUSA MATE: MMOJA. ALIINGIZA MKONO MDOMONI BILA GLAVU KUTAFUTA KILICHOKWAMA. KIDOLE KILIKUWA NA KIDONDA.

UHUSIANO: DADA YANGU.

Weeeh! Nikakaa bila kuambiwa tena.

"Chanjo ya kinga ulipata?" Miwani akauliza.

"Nilikuwa naahirisha..."

"Tangu lini?"

"Tangu niajiriwe."

Hakunicheka. Alininyanyua, tukaenda hospitali na makoti yetu ya maabara, watu wanatushangaa.

Getini nikamkuta mdogo wangu amekaa kwenye tofali, macho mekundu.

"Nani kakwambia tunakuja?"

"Hakuna. Nipo hapa tangu asubuhi nilipomwachia kile kichwa."

"Si ungeniambia tu nije nichomwe!"

"Dada, ningekwambia, ungekuja?"

Nililia pale getini kama mtoto, yeye ananifuta machozi na shati lake.

Jana nimemaliza sindano ya mwisho. Usingizi bado wa mang'amung'amu, kila nikikohoa nashtuka.

Mnyama akidondosha mate usimtie mkono mdomoni, hata kama una vyeti ukuta mzima. Ukishang'atwa au mate yakikugusa kidonda, osha kwa sabuni na maji mengi, kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikianza, umechelewa.

Na we unayejiita msomi wa ukoo... wadogo zako wanakuogopa au wanakuambia ukweli? Wangu aliniogopa mpaka akaona bora anisaliti kuliko anizike.