Kadi za Profesa Staf

Profesa Staf alikutwa amekufa katika chumba chake cha kazi, mtaa wa Auderghem, saa tatu asubuhi. Kichwa kilikuwa kimepasuka upande wa kushoto. Aliyemkuta ni binti yake, Paulette, naye ndiye aliyewapigia polisi simu.

Inspekta Nday aliitazama maiti na hakusikia kitu moyoni. Zamani alikuwa akisikia. Siku hizi moyo wake umeingia ganzi, na wala haoni haya kulisema.

"Ni wezi," alisema Paulette. "Saa yake na pochi havipo."

Ukutani palikuwa na kabati la droo ndogo ndogo, zimejaa kadi. Kwa miaka arobaini marehemu alikuwa akifuatilia maneno ya kale ya Kiingereza, jinsi maana zake zinavyogeuka. Kila maana kadi yake, kila kadi mwaka wake, ya kale zaidi mbele.

Droo moja ilikuwa na ufa. Nday alivaa glavu, akaivuta. Ndani mlikuwa na kadi za neno "silly". Ya kwanza: mwenye heri. Zikafuata asiye na hatia, wa kuhurumiwa, mnyonge, na mwisho kabisa mpumbavu. Hata maneno hushushwa cheo, aliwaza Nday.

Kadi ya kwanza ilikuwa na damu. Ya pili na ya tatu zilikuwa safi. Ya nne ilikuwa na damu tena, katikati. Kama zingelowa zikiwa ndani ya droo, damu ingepita kadi hadi kadi. Hizi zilimwagika sakafuni, kisha mtu akaziokota na kuzirudisha, kila moja mahali pake. Mwizi hana nafasi hiyo.

"Nani anajua kuzipanga?"

"Baba. Na Georgina, msaidizi wake."

Georgina, mama wa Kitanzania wa makamo, aliletwa kutoka kwake, mtaa wa Evere. Alihojiwa mbele ya wakili, kwa Kiswahili, maana Nday ni mzaliwa wa Lubumbashi, na Kiswahili chake ni cha huko, chenye Kifaransa ndani.

"Maman Georgina, jana ulikuya kwa Profesa saa ngapi?"

"Sikwenda. Nilikuwa nyumbani."

"Siku yote?"

"Siku nzima."

Nday aliweka mezani picha tano za zile kadi, amezichanganya makusudi. Akaenda kumimina kahawa, bila haraka. Aliporudi, picha zilikuwa zimepangwa, ya kale zaidi mbele.

"Bon. Angalia mikono yako, Maman."

Georgina aliitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Tuko na alama za vidole mu damu," alisema Nday. "Maabara italeta jibu leo. Donc, niambie."

"Alitaka kuzitupa." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Alisema kompyuta inajua yote sasa. Alishanunua mifuko ya manjano, ile ya taka za karatasi. Miaka kumi na tisa nimeziandika, Inspekta. Mwanangu kakulia kwa bibi yake huko Moshi, mimi niko hapa naandika kadi. Nilipomsihi alicheka tu. Nikachomoa droo, nikampiga."

"Saa na pochi?"

"Nilizitupa kwenye pipa kituo cha tramu, ionekane ni wizi."

"Lakini mbele ya kutoka, ulipanga kadi."

"Zilikuwa zimechanganyika. Ningeziachaje?"

"Ulilia?"

"Hapana. Sikusikia chochote. Mpaka sasa sisikii."

Nday alimwelewa kuliko alivyotaka, na jambo hilo lilimtia hofu. Alimaliza kuandika maelezo, akamsogezea karatasi atie sahihi.

"Kadi zitakwenda wapi?" aliuliza Georgina.

"Ile droo moja ni kielelezo, tutaichunga mupaka kesi iishe. Zingine zote ni za mwenye kurithi."

"Paulette?"

"Ndiyo, Maman. Ameshauliza siku gani anaweza kusafisha chumba. Mifuko ya manjano iko tayari."

Georgina aliivuta karatasi karibu.

"Basi nimemuua bure," alisema, akachukua kalamu, akatia sahihi.